Nukta Isiyo na Jina: Uvutano wa Kwantamu na Swali la Anga-Wakati

Ndugu mwenyekiti, walimu, wanafunzi na wageni wetu nyote, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie uvutano wa kwantamu, yaani jitihada ya kuunganisha fizikia ya vitu vidogo kabisa na nadharia ya uvutano, nami nitashika swali moja tu: je, nafasi na wakati, kwa pamoja anga-wakati, ni kitu chenye kuwepo kwake, au ni mpangilio tu wa mambo mengine? Wengi hulipeleka swali hili kwa wanafalsafa na kuliacha huko. Mimi naona kwamba katika uvutano wa kwantamu hesabu hukwama palepale ambapo swali hilo halijajibiwa, na anayelikwepa hulikuta tena ndani ya mlinganyo wake.

Kwanza niondoe jambo moja linalorudiwa sana. Husemwa kwamba fizikia ya kwantamu na nadharia ya Einstein ya uhusianifu wa jumla, inayoeleza uvutano kama mpindo wa anga-wakati, haziwezi kukaa pamoja hata kidogo. Si kweli. Kwa nishati ndogo na umbali mkubwa zinakaa vizuri kabisa. Mwanafizikia John Donoghue alionyesha njia mwaka 1994, na hesabu aliyoikamilisha na wenzake mwaka 2003 inasahihisha kanuni ya Newton kwa kiasi kinachojulikana: kwenye nishati ya uvutano ya vitu viwili unaongeza sehemu ya 41/(10π) mara Għ/(r²c³), ambapo G ni namba ya uvutano ya Newton, ħ ni namba ya Planck ikigawanywa kwa 2π, r ni umbali na c ni kasi ya mwanga. Vitu hivyo vikiwa mita 1 mbalimbali, sahihisho ni kama 3.4 × 10⁻⁷⁰ ya nishati ya kawaida. Hakuna chombo cha kuliona, lakini ni namba halali, imetoka kwenye nadharia zote mbili bila kugombana.

Ugomvi unaanza umbali unapopungua. Mwaka 1899 Max Planck aliunganisha kasi ya mwanga, nguvu ya uvutano ya Newton na namba yake mwenyewe, akapata vipimo vya asili, ambavyo kwa namna vinavyoandikwa leo ni urefu wa mita 1.6 × 10⁻³⁵, muda wa sekunde 5.4 × 10⁻⁴⁴ na tungamo la mikrogramu 22 hivi. Tungamo hilo halishangazi, ni kama chembe ndogo ya vumbi. Kinachotisha ni kulibana lote ndani ya urefu ule. Nishati yake ni trilioni-elektronivolti 1.2 × 10¹⁶, ilhali mtambo wa kugonganisha protoni wa CERN hufikia 13.6. Pengo ni la mara trilioni 900. Kwa teknolojia tunayoijua, hakuna mtambo wa aina hiyo utakaojengwa ukafika huko.

Sasa hesabu inaharibikaje? Kwenye umeme, nguvu ya mwingiliano hupimwa kwa namba isiyo na kipimo, karibu 1/137. Hesabu za kwantamu za elektroni na fotoni (chembe za mwanga) nazo hutoa majibu yasiyo na kikomo, lakini majibu hayo yote yanaweza kufichwa ndani ya vitu viwili tu tunavyovipima maabara, yaani chaji na tungamo la elektroni. Ukishavipima, kila kitu kingine kinatabiriwa. Uvutano hauna bahati hiyo, kwa sababu nguvu yake hukua kwa mraba wa nishati. Mwaka 1974 Gerard 't Hooft na Martinus Veltman walionyesha kwamba hatua ya kwanza ya masahihisho ya kwantamu inaharibika, kwa kutoa majibu yasiyoweza kufichwa hivyo, mara tu unapoweka maada ndani yake. Uvutano mtupu ulinusurika hatua hiyo, lakini katikati ya miaka ya 1980 Marc Goroff na Augusto Sagnotti walionyesha kwamba hatua ya pili inauangusha nao. Kila hatua inayoharibika inadai namba mpya ipimwe, na hatua hazina mwisho. Nadharia inayodai vipimo visivyohesabika kabla ya kutabiri haitabiri chochote kwenye kipimo cha Planck. Kwa umbali mkubwa namba hizo za ziada hazina uzito, ndiyo maana hesabu ya Donoghue inasimama.

Mtu anaweza kudhani huo ni udhaifu wa mbinu ya hesabu tu. Lakini upo ushahidi wa pili, unaotoka kwenye upimaji wenyewe, na aliyeuona kwanza ni Matvei Bronstein wa Leningrad mwaka 1936. (Polisi wa Stalin walimkamata mwaka uliofuata, na Februari 1938 akauawa akiwa na miaka 31. Nadhani anastahili kutajwa kwa jina kila somo hili linapofundishwa.) Kwa umbo linalofundishwa leo, hoja ni hii. Unataka kuona jambo ndani ya eneo lenye upana L. Unahitaji mwanga wenye wimbi fupi kuliko L, yaani fotoni yenye nishati isiyopungua ħc/L. Ukipunguza L, nishati inapanda. Lakini nishati ina uvutano, na nishati E iliyobanwa ndani ya nusu kipenyo cha 2GE/c⁴ hujifunga na kuwa shimo jeusi. Linganisha hizo mbili na utapata L karibu na urefu wa Planck. Chini ya hapo, kadiri unavyochungulia kwa nguvu zaidi ndivyo shimo linavyokua na kukuficha zaidi.

Hapo ndipo metafizikia inapoingia. Kama hakuna kipimo chochote, hata cha kimawazo, kinachoweza kutofautisha nukta mbili zilizo karibu kuliko urefu wa Planck, kwa nini tuendelee kuandika milinganyo inayodhani nukta hizo zipo, zimepangwa bila pengo, kila moja ikiwa na thamani yake ya uga, yaani ya kiasi kilichoenea kila mahali kama uvutano au usumaku?

Einstein mwenyewe alilikuta swali la nukta kabla ya kuhusisha kwantamu hata kidogo. Ni hoja ya tundu ya mwaka 1913, na naomba mniruhusu niende nayo polepole, maana wengi huiruka. Chukua suluhisho moja la milinganyo ya uvutano kwa ulimwengu mzima. Chagua eneo tupu lisilo na maada, liite tundu. Nje ya tundu usiguse kitu. Ndani, uhamishe uga wa uvutano kwa ulaini, ili mpindo uliokuwa kwenye nukta A sasa uwe kwenye nukta B, na uhakikishe kwamba pembezoni mwa tundu kila kitu kinakutana sawasawa na kilivyokuwa. Kama milinganyo inakubali kodineti zozote, yaani namba zozote za kutaja mahali na wakati, basi uga huu uliohamishwa nao ni suluhisho halali. Sasa una masuluhisho mawili yanayolingana kabisa kila mahali nje ya tundu, na nyakati zote kabla yake, lakini ndani yanatofautiana kuhusu nukta ipi ina mpindo upi. Ikiwa nukta ni vitu vyenye utambulisho wao wenyewe, nadharia imeshindwa kusema nini kinatokea ndani ya tundu, hata ukiipa habari zote za nje.

Hoja hiyo ilimfanya Einstein aiache milinganyo inayokubali kodineti zote kwa takriban miaka miwili. Aliirudia Novemba 1915, na muda mfupi baadaye akaeleza njia ya kutokea: masuluhisho mawili yale ni hali moja ya ulimwengu, kwa sababu kilicho halisi ni makutano. Chembe mbili kugongana, mwanga kufika kwenye kioo, mshale wa saa kulala juu ya alama. Makutano hayo yote yamo kwenye masuluhisho yote mawili. Nukta yenyewe, ikiondolewa vinavyokutana ndani yake, haina jina. Mwaka 1987 John Earman na John Norton waliifufua hoja hii dhidi ya wanafalsafa wanaosema anga-wakati ni kitu kamili, na mjadala haujaisha. Wapo wanaojibu kwamba anga-wakati ni kitu, ila nukta zake hupata utambulisho kutokana na uga uliomo. Kwa maoni yangu hilo ni jibu zuri kwa nadharia ya Einstein pekee, lakini kwantamu inalivunja.

Linavunjikaje? Fizikia ya kwantamu inaruhusu kitu kimoja kiwe kwenye mchanganyiko wa hali mbili, hapa na pale. Kila hali ina uvutano wake, kwa hiyo una mchanganyiko wa maumbo mawili ya anga-wakati. Kama nukta hupata utambulisho kutokana na uga, na uga ni miwili, nukta ipi ya umbo la kwanza ni ileile ya umbo la pili? Hakuna jibu. Na bila jibu hilo huwezi kuandika hata kanuni ya kawaida ya nadharia za uga wa kwantamu, ile inayosema vipimo viwili visivyoweza kufikiana kwa mwanga havivurugani, kwa sababu hujui ni vipi visivyofikiana. Kila umbo lina koni zake za mwanga, yaani mipaka ya mahali mwanga unapoweza kufika.

Roger Penrose alilichukulia pengo hili kama ishara kwamba mchanganyiko wenyewe si imara, kwamba unaanguka baada ya muda wa ħ ukigawanywa kwa nishati ya uvutano ya tofauti ya hali mbili. Lajos Diósi alikuwa amefika kwenye kanuni ya aina hiyo kwa njia nyingine mwaka 1987. Wazo linaweza kupimwa, maana kuanguka huko kungetikisa chembe zenye chaji nazo zingetoa mnururisho hafifu. Watafiti waliutafuta kwa kigunduzi cha elementi ya jerimani kilichowekwa chini ya mlima Gran Sasso, Italia. Matokeo yalitoka mwaka 2020: mnururisho uliotabiriwa haukuonekana, na sura nyepesi kabisa ya modeli hiyo ikafutika. Zipo sura nyingine ambazo bado zinasimama.

Upande wa wakati hali ni ngumu zaidi. Mwaka 1967 Bryce DeWitt alichapisha mlinganyo wa kwantamu wa ulimwengu mzima, ambao leo unabeba jina lake na la John Wheeler. Ukiuandika kwa ufupi ni HΨ = 0, ambapo Ψ ni hali ya ulimwengu na H inasimamia nishati yake. Mlinganyo wa kawaida wa kwantamu una t, yaani wakati, upande mmoja, na unasema hali inabadilikaje t inaposonga. Huu hauna t popote. Hilo linatoka moja kwa moja kwenye hoja ya tundu: katika nadharia ya Einstein, kusogeza kila kitu mbele kwa kodineti ya wakati ni kubadili majina tu, na jambo lililo la majina tu haliwezi kuonekana kama badiliko kwenye hali ya kwantamu.

Jibu linalovutia wengi ni la Don Page na William Wootters, la mwaka 1983. Usitafute t nje ya ulimwengu. Chagua sehemu moja ya ulimwengu iwe saa, halafu uulize: saa ikisoma saba, sehemu nyingine ziko katika hali gani? Ikiwa saa na sehemu hizo zimefungamana kikwantamu, yaani hali ya moja haielezeki bila ya nyingine, ulimwengu mzima unaweza kuwa hautikisiki huku aliyemo ndani akiona mabadiliko. Mwaka 2013 kikundi cha Torino kiliionyesha kanuni hii kwa fotoni mbili zilizofungamana. Ni onyesho zuri, lakini msilichukulie kama ushahidi kuhusu uvutano, maana hapakuwa na uvutano ndani yake. Ugumu mkubwa uko kwenye kuchagua saa. Karel Kuchař alisisitiza kwamba saa tofauti huzaa nadharia tofauti za kwantamu, zisizopatana. Tena, William Unruh na Robert Wald walionyesha mwaka 1989 kwamba saa yoyote halisi, ambayo nishati yake ina kikomo cha chini, lazima iwe na uwezekano, hata kama ni mdogo sana, wa kurudi nyuma.

Nitapita haraka kwenye nadharia kubwa zinazoshindana. Nadharia ya nyuzi, tangu 1974, ina sifa kwamba chembe inayobeba uvutano inajitokeza yenyewe bila kuwekwa. Inadai vipimo 10 vya anga-wakati, na sura yake iliyoeleweka vizuri zaidi, ile ya Juan Maldacena ya mwaka 1997, inahusu ulimwengu wenye mpindo hasi, ilhali wetu unatanuka kwa mchapuko. Nadharia ya vitanzi ilianza na kazi ya Abhay Ashtekar mwaka 1986, na katikati ya miaka ya 1990 Carlo Rovelli na Lee Smolin walipata humo kwamba eneo na ujazo huja kwa vipande vyenye kiasi maalumu. Inakwama kwenye kurudi juu: bado haijaonyeshwa kwa uhakika kwamba vipande hivyo, vikiwa vingi, vinatoa anga-wakati laini ya Einstein. Nadharia ya seti za kisababishi, iliyotolewa na Rafael Sorkin na wenzake mwaka 1987, ndiyo yenye vitu vichache zaidi: matukio yanayohesabika, na mpangilio wa lipi linatangulia lipi. Basi. Kwa hoja hiyo fupi Sorkin alikadiria kwamba nishati ya nafasi tupu ingekuwa 1 kwa mzizi wa idadi ya matukio. Ulimwengu unaoonekana una matukio karibu 10²⁴⁰, kwa hiyo 10⁻¹²⁰ katika vipimo vya Planck. Alisema hivyo kabla ya 1998, mwaka ambao wanaastronomia walikuta namba ya ukubwa huohuo.

Kidokezo kinachokubalika pande zote kinatoka kwenye mashimo meusi. Jacob Bekenstein na Stephen Hawking, kati ya 1972 na 1974, walipata kwamba entropia ya shimo jeusi ni eneo la uso wake likigawanywa kwa mara 4 ya mraba wa urefu wa Planck. Eneo, si ujazo. Chukueni shimo jeusi la Cygnus X-1, ambayo setilaiti Uhuru iliichunguza baada ya kurushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Vipimo vya mwaka 2021 vinaipa tungamo la majua 21. Tukipuuza mzunguko wake, nusu kipenyo ni kilomita 62 na entropia ni kama 4.6 × 10⁷⁹. Joto lake la Hawking, yaani la mnururisho hafifu ambao kwa hesabu ya Hawking shimo jeusi hutoa, ni kelvini 3 × 10⁻⁹, ilhali anga lote linaizunguka kwa kelvini 2.7, kwa hiyo inapokea zaidi ya inavyotoa, na mnururisho wake wa Hawking hatutauona. Lakini entropia ni kipimo cha hali zilizofichika, yaani logi ya idadi yake. Kama nafasi ingekuwa kitu kamili chenye nukta kila mahali, entropia ingekua pamoja na ujazo.

Kwa hiyo watafiti wengi leo husema anga-wakati si ya msingi, inazuka kutoka kwa kitu kingine. Nakubaliana nao, lakini nadai walipe deni linaloambatana na kauli hiyo. Mfano unaotolewa kila mara ni joto la chai: molekuli moja haina joto, zikiwa nyingi joto linazuka. Mfano huo unaficha ugumu wenyewe. Molekuli za chai zina mahali na mwendo, na joto linaelezwa kwa mwendo huo. Viungo vya anga-wakati haviko mahali popote wala havina mwendo. Zaidi ya hayo, ushahidi wote wa sayansi ni wa makutano katika nafasi na wakati, kama namba kwenye skrini au doa kwenye kigunduzi. Nadharia inayofuta nafasi na wakati inaonekana kufuta ushahidi ambao ungeweza kuithibitisha. Nick Huggett na Christian Wüthrich walilichambua tatizo hili mwaka 2013, na jibu lao ni kwamba ukionyesha hatua kwa hatua jinsi mambo yenye mahali yanavyozuka, ushahidi unaokolewa.

Hatua hizo zinapaswa kutoa nini hasa? Wenye mtazamo wa kikazi wanasema chochote kinachofanya kazi ya anga-wakati ndiyo anga-wakati: kinachoamua njia ya kitu kinachoanguka huru, kiasi ambacho saa inahesabu, na nani anaweza kumfikia nani. Naona ni mtazamo sahihi, mradi orodha isipunguzwe. Sehemu ngumu kuliko zote ni alama ya kutoa. Katika kanuni ya umbali ya Einstein, wakati unaingia kwa alama tofauti na nafasi, na alama hiyo ndiyo inayotenganisha kabla na baada. Kazi nyingi za kuzusha nafasi kutoka kwenye mfungamano wa kwantamu hupata urefu na eneo vizuri, halafu zinaazima wakati kutoka nje. Seti za kisababishi hazina shida hiyo, lakini ni kwa sababu mpangilio wa kabla na baada umewekwa tangu mwanzo.

Tuje kwenye vipimo. Fotoni yenye gigaelektronivolti 31 kutoka mlipuko wa mionzi ya gama wa Mei 10, 2009, iliyosafiri zaidi ya miaka bilioni 7, ilifika ndani ya sekunde moja tangu mlipuko uonekane na chombo cha Fermi. Kama anga-wakati ingekuwa na chembechembe zinazochelewesha mwanga kwa uwiano wa moja kwa moja na nishati yake, kwenye kipimo cha Planck, ingechelewa zaidi. Modeli hizo rahisi zikaondoka. Seti za kisababishi zinapona, kwa kuwa matukio yake yametawanyika bila gridi.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la mezani, lililopendekezwa mwaka 2017 na kikundi cha Sougato Bose, na kwa wakati mmoja na Chiara Marletto na Vlatko Vedral. Chukua almasi mbili, kila moja ikiwa na kilogramu 10⁻¹⁴, yaani kipenyo cha karibu mikromita 2. Ndani ya kila moja kuna kasoro ya naitrojeni yenye spini ya elektroni, yaani usumaku wake mdogo wa kikwantamu. Uga wa sumaku usiolingana unaigawa kila almasi iwe kwenye mchanganyiko wa mahali pawili, mikromita 250 mbalimbali. Matawi, yaani sehemu za mchanganyiko, yaliyo karibu zaidi ya almasi hizo mbili yako mikromita 200. Subiri sekunde 2.5, unganisha matawi, kisha pima spini zote mbili. Uvutano kati ya matawi ya karibu huzungusha awamu, yaani hatua ambayo wimbi la kwantamu limefikia katika mzunguko wake, kwa Gm²t/(ħd), m ikiwa tungamo, t muda na d umbali, ambayo kwa namba hizo ni radiani 0.8. Hiyo inatosha kuzifungamanisha spini. Na kuna nadharia thabiti kwamba mawasiliano ya kawaida, yasiyo ya kwantamu, hayawezi kufungamanisha chochote.

Yanayoharibu ni mengi. Almasi zikikaribiana chini ya mikromita 200, nguvu ya Casimir, yaani mvutano wa kikwantamu kati ya vitu visivyo na chaji vilivyo karibu, inaanza kushindana na uvutano. Elektroni moja ya ziada kwenye kila almasi inaleta nguvu ya umeme inayozidi uvutano mara bilioni 35, kwa hiyo chaji lazima iondolewe yote. Molekuli moja ya hewa ikigonga, inabeba habari ya tawi na mchanganyiko unakufa. Joto la almasi nalo hutoa mwanga unaofanya vivyo hivyo. Ukiziacha zianguke huru, sekunde 2.5 ni mita 30 za kushuka. Na kundi la Vienna lilipoweka molekuli za zaidi ya daltoni 25,000 (daltoni moja ni karibu tungamo la atomu ya haidrojeni) kwenye mchanganyiko mwaka 2019, hiyo ilikuwa kilogramu 4 × 10⁻²³, pungufu ya almasi zetu mara milioni 240.

Lakini tazameni kinachopimwa. Awamu ile ya 0.8 maana yake ni kwamba saa iliyomo kwenye tawi la karibu imechelewa sekunde 9 × 10⁻³⁸ kulinganisha na ambayo haina jirani. Maumbo mawili ya anga-wakati yanalinganishwa, na hatukuhitaji kusema nukta ipi ya moja ni ipi ya lingine. Tulihitaji tu mahali matawi yanapoachana na yanapokutana tena.

Pingamizi kubwa linatoka kwa wanaosema uvutano wa aina ya Newton si kiungo huru. Katika milinganyo ya Einstein sehemu hiyo huamuliwa moja kwa moja na mahali maada ilipo, na kilicho huru ni mawimbi. Kwa hiyo, wanasema, jaribio litaonyesha kwamba maada ni ya kwantamu, jambo tunalolijua tayari. Wanaolitetea jaribio wanajibu kwamba hata sehemu hiyo lazima iwe kwenye mchanganyiko, vinginevyo mfungamano usingetokea. Namba zenyewe hazitoshi kuwaamulia: mwanga huvuka mikromita 200 kwa sekunde 7 × 10⁻¹³, ilhali jaribio linangoja sekunde 2.5, kwa hiyo uchelewaji wa uvutano kutoka almasi hadi almasi hauonekani kabisa. Wa kulimaliza pingamizi atahitaji tungamo kubwa zaidi, lenye kugawanywa na kuunganishwa haraka kuliko mwanga unavyovuka kati ya almasi na almasi, ili kila almasi imalize kazi yake kabla habari ya mwenzake haijafika.

Ahsanteni. Nakaribisha maswali, hasa kutoka kwa watakaopinga hesabu yangu ya awamu.